Kusali Baba Yetu kwa Kiaramu: mwongozo kwa ulimi wa Kiswahili

Mwongozo huu ni wa sala moja tu, Baba Yetu, kwa Kisiriaki: Kiaramu cha mji wa Edessa (leo Urfa, Uturuki) ambacho makanisa kadhaa ya Iraki, Syria, Lebanoni, Uturuki na Kerala (India) bado yanakitumia katika ibada. Sarufi hutaipata hapa. Tenga robo saa kwa siku, siku kumi.

Jambo moja kwanza, maana linawapotezea watu muda. Maneno haya si sauti ya Yesu iliyorekodiwa. Yanatoka kwenye Peshitta, Biblia ya Kisiriaki, na Injili zake zilitafsiriwa kutoka Kigiriki. Yesu alizungumza Kiaramu cha Galilaya, ndugu wa karibu wa lugha hii. Vipande vya usemi wake unavyo tayari ndani ya Biblia ya Kiswahili: *Talitha, kumi* (Marko 5:41), *Efatha* (7:34), *Aba* (14:36). Na ukikutana mtandaoni na "tafsiri ya siri" ya Baba Yetu yenye maneno ya ulimwengu, pumzi na mawimbi, ipite. *Awun* maana yake ni "baba yetu", basi.

Hatua ya 1: Chagua upande

Kuna matamshi mawili, ya Mashariki na ya Magharibi. Mashariki ni Kanisa la Ashuru la Mashariki na Wakaldayo. Magharibi ni Waorthodoksi wa Kisiria na Wamaroni. Maandishi ni yaleyale. Anayebadilika ni msomaji. "A" ndefu ya Mashariki huwa "o" Magharibi: *malkutha* huwa *malkutho*. "P" ya Mashariki huwa "f" Magharibi.

Kama una kanisa au rafiki wa upande fulani, fuata upande wake na usibishane. Kama huna, angalia koo lako. Aliyepitia Kiarabu, akaweza kutofautisha ح (ha) na خ (kha) na kuitoa ع (ain) bila shida, achukue Magharibi. Wengine wote wachukue Mashariki, kwa sababu huko herufi hizo mbili za kwanza hutamkwa "kh" moja na ع imelegea sana. Usichanganye. *Abun d-washmayya*, nusu huku nusu kule, ni sawa na kuanza sentensi kwa Kimvita na kuimalizia kwa Kingazija.

Hatua ya 2: Andika maneno kwa tahajia ya Kiswahili

Nakala nyingi za mtandaoni zimeandikwa kwa masikio ya Kiingereza: "oo", "ee", "aw" kila mahali. Zitupe. Tahajia yetu inaifaa lugha hii kuliko ile, kwani sh, th, dh, gh na kh zote tunazo. Nakili kwa mkono kwenye karatasi. Alama ' ni ع, haihusiani na ng' yetu. Kistari kinaonyesha herufi iliyobandikwa mbele ya neno.

Mashariki:

Awun d-washmayya
nethqaddash shmakh
tethe malkuthakh
nehwe sewyanakh
aykanna d-washmayya ap b-ar'a
haw lan lakhma d-sunqanan yawmana
wa-shwoq lan khawbayn
aykanna d-ap khnan shwaqan l-khayyawayn
w-la ta'lan l-nesyuna
ella passan men bisha
mettul d-dilakh hi malkutha w-khayla w-teshbokhta
l-'alam 'almin. Amen.

Magharibi:

Abun d-bashmayo
nethqadash shmokh
tithe malkuthokh
nehwe sebyonokh
aykano d-bashmayo of b-ar'o
hab lan lahmo d-sunqonan yawmono
wa-shbuq lan hawbayn
aykano d-of hnan shbaqan l-hayobayn
w-lo ta'lan l-nesyuno
elo fason men bisho
metul d-dilokh hi malkutho w-haylo w-teshbuhto
l-'olam 'olmin. Amin.

Katika mistari ya Magharibi "h" ya *lahmo, hawbayn, hnan, hayobayn, haylo* na *teshbuhto* ni ح. Ya *nehwe, hab* na *hi* ni "h" ya kawaida. Zile za ح ziwekee mstari chini kwenye karatasi yako.

Hatua ya 3: Ondoa irabu ambazo hazipo

Hapa ndipo siku sita kati ya zile kumi zitakapokwenda. Ulimi wa Kiswahili hautaki silabi iishie na konsonanti, kwa hiyo unaongeza irabu wenyewe bila kukuomba ruhusa. *Shmakh*, silabi moja, inatoka *shimaki*, silabi tatu. *Nethqaddash* inatoka *netikadashi*. Msikilizaji Mwashuri hataielewa, na kwenye sala ya pamoja utabaki nyuma kwa silabi ishirini na zaidi kabla ya Amina.

Anza na miisho, kwa sababu huko unajiweza kuliko unavyodhani. Unasema Rajab, Yakub, Salim bila kuongeza kitu. Mwisho wa *haw lan* ni kama mwisho wa Ramadhan anapoitwa mtu kwa jina. Mwisho wa *shmakh* ni kama wa Mbarak, ila k unailegeza mpaka hewa ipite.

Kisha mianzo. Jenga neno kutoka nyuma: *akh*, *makh*, halafu *shmakh*. Kwa sh, fanya kama unamnyamazisha mtoto, "shhh", na bila kufungua taya ruka kwenye *makh*. Angalia m hapo: si ile ya *mtu* inayosimama peke yake kama silabi. Ukisikia "sh-m-akh" vipande vitatu, rudia. *Shwaqan* inaanza kama *shwari*, haina taabu. *D-washmayya*: sema *twa* ya "twaa", kisha utilie sauti iwe *dwa*: dwash-may-ya. *D-bashmayo* ya Magharibi ni ngumu zaidi. Weka ulimi kwenye d, funga midomo kwa ajili ya b kabla d haijaachiwa, fungua vyote pamoja.

Herufi za kubandika (b, d, w, l) zinasumbua zinapokuwa katikati ya mstari, na dawa yake ni moja: ziegemeze nyuma, kwenye irabu au konsonanti ya neno lililotangulia. *Malkutha w-khayla* tamka malkuthaw-khayla. *Mettul d-dilakh* tamka mettuld-dilakh. *Shwaqan l-khayyawayn* tamka shwaqanl-khayyawayn. Ukizitamka kama maneno ya kujitegemea lazima irabu itaingia.

Utauliza kwa nini basi kuna *wa-shwoq* yenye a, lakini *w-la* haina. Neno likianza na konsonanti mbili zisizo na irabu kati yake, herufi ya kubandika hupewa a. *Shwoq* inaanza na shw, ndiyo maana *wa-shwoq*. *Shmayya* inaanza na shm, ndiyo maana *ba-shmayya* (Mashariki hiyo b hulainika ikawa w). *La* inaanza na konsonanti moja, haihitaji. Kanuni hii peke yake itakuokoa ukisahau maneno katikati ya sala.

Kwa Mashariki zipo pia konsonanti zinazokazwa: *nethqaddash, shmayya, mettul, passan, ella*. Shikilia kama mm ya Muhammad inavyotamkwa na aliyesoma madrasa. Magharibi hawakazi, na hiyo ni nafuu yao.

Mkazo, kwa Mashariki, uweke silabi ya pili kutoka mwisho, palepale unapouweka kila siku: mal-KU-thakh, sew-YA-nakh. Usiuguse.

Hatua ya 4: Ngumu na laini

Herufi sita, b g d k p t, zina sauti mbili kila moja. Mwanzo wa neno au baada ya konsonanti kwa kawaida ni ngumu. Baada ya irabu hulainika. T laini ni th, k laini ni kh, d laini ni dh, g laini ni gh. B laini, Mashariki, ni w. P huko kwa kawaida hubaki p, kama katika *ap*. Neno *malkuthakh* lina yote: k ya kwanza iko baada ya l, ni k, t iko baada ya u, ni th, k ya mwisho iko baada ya a, ni kh. Linganisha na *teshbokhta*, ambako t ya mwisho iko baada ya konsonanti na imebaki t. Iliyokazwa hailainiki, ndiyo maana *nethqaddash* ina dd wala si dh.

Jozi ya kuangalia ni *khawbayn* (makosa yetu) na *khayyawayn* (waliotukosea). Ya kwanza b ni ngumu kwa sababu w iliyo mbele yake inahesabiwa konsonanti. Watu husema *khawwayn*, na neno linapotea.

Anayesema "samani" kwa thamani, au "habari" na "kheri" kwa h ileile, afanyie mazoezi th na kh kabla ya kitu kingine chochote. Q na s nzito ya *sewyanakh* zinaweza kusubiri. Ukizikosea utasikika mgeni tu.

Hatua ya 5: Bandika maana

Usikariri kasuku. Nusu ya maneno una ndugu zake ndani ya Kiswahili kupitia Kiarabu: *shmayya* na samawati, *ar'a* na ardhi, *malkutha* na mamlaka, *nethqaddash* na kudusi, *teshbokhta* na tasbihi. *Lakhma* ni mkate, usiulinganishe na nyama ya Waarabu. *Bisha* ni mwovu, mlango hauhusiki.

Mpangilio unatofautiana na wetu mahali pawili. Sisi kwa kawaida huanza na duniani halafu mbinguni. Hapa ni "kama mbinguni, hata duniani". Na mkate si "wa kila siku", ni *d-sunqanan*, "wa hitaji letu", kisha *yawmana*, "leo", mwishoni.

Hatua ya 6: Sikiliza, jirekodi

Tafuta kwa kubandika herufi zenyewe, ܐܒܘܢ ܕܒܫܡܝܐ, siyo kwa Kiingereza. Fonti za bure za Meltho, kutoka taasisi ya Beth Mardutho, zinaonyesha mitindo yote mitatu ya mwandiko: Estrangela, Serto ya Magharibi na ule wa Mashariki. Kutambua rekodi ni ya upande gani, subiri mstari wa tano. Ukisikia *ap*, ni Mashariki. Ukisikia *of*, ni Magharibi. Chagua iliyosomwa, si iliyoimbwa, kwa sababu wimbo huvuta irabu na kukurudisha kwenye ugonjwa wa hatua ya 3.

Ukisikia Mwashuri akisema *tete malkutakh*, t badala ya th, usimsahihishe. Waashuri wengi wameiacha th siku hizi. Wakaldayo wa Alqosh, kaskazini mwa Iraki, wanayo.

Hatua ya 7: Usiichanganye na lahaja za nyumbani

Kisiriaki ni cha ibada. Nyumbani watu husema Suret (Alqosh, Ankawa, Urmia, na sasa Chicago na Detroit) au Turoyo (Tur Abdin, ilipo monasteri ya Mor Gabriel, na Södertälje, Sweden). Rekodi ikianza na *Baban*, hiyo ni Suret, weka kando. Ma'lula, kaskazini mashariki mwa Damasko, wanazungumza Kiaramu cha magharibi, tawi jingine kabisa, lakini ibada zao ni za Kiarabu. Baba Yetu ya Ma'lula ambayo wageni husomewa kwenye monasteri ya Mar Sarkis ni nzuri kuisikiliza. Haitakusaidia kusali na Mkaldayo.

Hatua ya 8: Kusali na wengine

Elekea mashariki. Kwa Waorthodoksi wa Kisiria, Baba Yetu hutanguliwa na *Qadishat Aloho, qadishat hayelthono, qadishat lo moyutho* ("Mtakatifu Mungu, Mtakatifu Mwenye Nguvu, Mtakatifu Usiyekufa") mara tatu, pamoja na maneno "uliyesulubiwa kwa ajili yetu". Ukiwa Muscat au Dubai, unaweza kuusikia mtindo wa Magharibi kwa Waorthodoksi wa Kerala, ingawa sehemu kubwa ya ibada itakuwa Kimalayalam, lugha ya Kerala.

Baada ya *hawbayn* utasikia *wa-htohayn*, "na dhambi zetu", ambayo haimo kwenye Mathayo ya Peshitta. Ongeza nao. Kwa watu wa Mashariki kuna mtego mkubwa zaidi: katika namna yao ndefu, baada ya *tethe malkuthakh* huingizwa *qaddish, qaddish, qaddishat*, hurudiwa *Awun d-washmayya*, na hufuata maneno ya kwamba mbingu na nchi zimejaa ukuu wa utukufu wake, ndipo baadaye sala inapofika kwenye *nehwe sewyanakh*. Mgeni hudhani wameanza upya, naye anaanza upya. Nyamaza hapo, ngoja *nehwe*, uingie.