Kwa baiskeli kati ya mizabibu ya Burgundy

Anzia Beaune, mji wa Burgundy nchini Ufaransa, mapema asubuhi, na uikwepe barabara ya D974; magari ni mengi mno. Shika Voie des Vignes, njia ya baiskeli ya takriban kilomita 20 hadi Santenay, ikipita Pommard, Volnay, Meursault na Puligny-Montrachet. Mimi huiendesha taratibu sana, maana kila ukuta wa mawe una shamba lake na jina lake.

Sehemu kubwa ni njia za wakulima, zege na kokoto, kwa hiyo tairi za milimita 32 zinafaa kuliko zile nyembamba. Septemba ni mavuno: trekta ndefu zinazotembea juu ya safu za mizabibu hutokea ghafla. Simama, zipishe. Vijijini, pasipo na alama, anayetokea kulia kwako hupita kwanza.

Nunua mkate na jibini kabla ya saa sita mchana, kwani maduka mengi hufungwa. Maji? Tafuta bomba makaburini, ila ukiona “eau non potable” (maji yasiyofaa kunywa), usinywe.

Kuonja mvinyo kuache hadi umeegesha baiskeli jioni. Kikomo cha gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu kinamhusu mwendesha baiskeli pia.