Jinsi ya kuzima programu yenye prosesi nyingi bila kuacha loki imefungwa moja kwa moja

Hii ni kwa wale mnaoandika Python kwenye Linux, programu yako inazaa prosesi kadhaa zinazogombea loki moja (kifungo kinachoruhusu prosesi moja tu kwa wakati), halafu umezoea kuzizima kwa terminate() ukijua kazi imeisha. Na mi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka siku ile kwenye stoo moja ya dagaa hapa Kirumba, Mwanza, karibu na soko la Mwaloni. Kulikuwa na mizani tatu, kila mizani ina prosesi yake inayosoma uzito wa magunia, zote zinaandika kwenye faili moja la siku kwa hiyo nikaweka loki. Asubuhi boti za Ukerewe zimeshashusha, mikokoteni imepanga mstari hadi barabarani, nikabadilisha mpangilio mdogo tu nikaua prosesi ya mizani ya kwanza niiwashe upya. Skrini zote tatu zikaganda. Logi haina kosa hata moja, CPU iko sifuri. Nikapiga strace -p (inaonyesha prosesi inaiomba nini kerneli, yaani kiini cha Linux) kwa mizani ya pili ukatoka mstari mmoja, futex, yaani inasubiri loki, ukasimama hapo hapo. Ya tatu vile vile, hata ile niliyoiwasha upya nayo imesimama.

Kilichotokea ni hiki. Loki ya multiprocessing (moduli ya Python ya kuzaa prosesi) kwenye Linux chini yake ni semafo, yaani kihesabio cha ruhusa, na semafo haijui nani kaishika, yenyewe inahesabu tu. Mtoto, yaani prosesi iliyozaliwa na programu kuu (mzazi), akifa nayo mkononi kerneli haiirudishi. Ni kama stoo yenye ufunguo mmoja, aliyekuwa nao kapanda boti kwenda kisiwani na ufunguo uko mfukoni, nyie mliobaki mtagonga mlango mpaka jioni. Na terminate() inatuma SIGTERM, signali (ujumbe kwa prosesi) ya kuiambia isimame, namba 15, ambayo usipoipokea mwenyewe inaua hapo hapo, finally haikimbii, with haifungi, hakuna kitu.

Hatua ya 1: mtoto apokee signali mwenyewe, na asifanye kingine zaidi ya kuweka alama

```
simama = False

def pokea(namba, fremu):
    global simama
    simama = True

def mfanyakazi(foleni, loki):
    signal.signal(signal.SIGTERM, pokea)
    signal.signal(signal.SIGINT, signal.SIG_IGN)
    while not simama:
        try:
            gunia = foleni.get(timeout=1)
        except queue.Empty:
            continue
        with loki:
            andika(gunia)
```

Hapa ndo watu wengi wanakosea kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Ndani ya pokea usishike loki, usiandike logi, usirushe eksepsheni, maana signali inaweza kuingia katikati ya mstari wowote, hata pale ambapo loki ndo kwanza imeshikwa. Usitumie hata Event ya multiprocessing (alama inayoonekana na prosesi zote), najua inavutia, ila Event nayo ina loki yake ndani, sasa mtoto akiwa kwenye is_set() signali ikaingia ukaita set(), anaisubiri loki aliyoishika yeye mwenyewe na hapo hatoki. Variabo ya kawaida inatosha kabisa.

Ile timeout=1 nayo usiitoe. Tangu Python 3.5 signali ikikatiza usingizi au kusoma, Python inarudia kusubiri yenyewe, kwa hiyo get() bila muda hata alama ikiwekwa mtoto hataiona mpaka gunia lingine lipite.

SIGINT, yaani signali ya Ctrl+C, tumeipuuza kwa watoto kwa sababu inafika kwa kundi zima lililo mbele kwenye tereminali, sio kwa mzazi peke yake. Mzazi aipokee yeye halafu yeye ndo awaambie watoto.

Hatua ya 2: mzazi awe na subira

Aite terminate() kwa wote, halafu join(20) kwa kila mmoja, halafu aangalie is_alive(). Aliyegoma ndo anapigwa kill(), yaani SIGKILL namba 9 ambayo hakuna anayeweza kuipokea. Ila ukishafika hapo ile loki na ile foleni usiziamini tena, foleni (Queue ya multiprocessing) nayo ina loki zake ndani, tengeneza mpya na uwashe watoto wote upya. Kama unatumia systemd (inayowasha na kuzima huduma za Linux) kumbuka yenyewe kwa kawaida inasubiri sekunde 90 ndo iue, na inatuma SIGTERM kwa watoto wote na mzazi kwa mpigo. Mi naweka KillMode=mixed ili mzazi aipate peke yake kwanza.

Hatua ya 3: faili

Kama unachokilinda ni faili, mi siku hizi natumia flock, loki ya faili inayoshikwa na kerneli, badala ya loki ya multiprocessing, kwa sababu mwenye faili akifa kerneli inalifunga na loki inaachia yenyewe, hata kwa SIGKILL, hata mtoto akianguka mwenyewe. Sharti ni moja, kila mtoto afungue faili lake la loki baada ya kuzaliwa, maana akirithi lililofunguliwa na mzazi wote wanahesabika ni mtu mmoja na loki haizuii kitu. Na loki kuachia hakumaanishi data imenyooka, mtu anaweza kufa kaandika nusu ya mstari, kwa hiyo andika kwenye faili la pembeni, ukimaliza liweke mahali pa lile la zamani kwa os.replace().

Hatua ya 4: jaribu kwa fujo

Andika skripti inayowasha programu, isubiri muda wa bahati nasibu chini ya sekunde mbili, ipige SIGTERM, iangalie kama wote wametoka, irudie mara 200. Mara tatu nne hazitoshi maana kosa hili linahitaji signali iangukie sehemu finyu sana. Ukikuta raundi imeganda usizime chochote kwanza, piga strace kwa kila mtoto mmoja mmoja uone nani anasubiri futex, halafu hesabu nani hayupo tena kwenye ps (orodha ya prosesi) au anaonekana <defunct>, huyo ndo aliyeondoka na ufunguo.