Kupima sumukuvu mwilini kwa utafiti wa saratani ya ini

Ukimuuliza mtu amekula mahindi mabovu mara ngapi, hutapata jibu la kutegemea. Sumukuvu (aflatoksini), yaani sumu inayotengenezwa na kuvu ya mahindi, haienei sawasawa: konzi moja ya gunia ni safi, nyingine imejaa sumu, na mlaji hawezi kuiona. Pima mwilini.

Sumukuvu B1 ikiingia, vimeng'enya vya ini, hasa CYP3A4 na CYP1A2, huigeuza kuwa epoksaidi, kemikali kali, na hiyo ndiyo inayonasa kwenye DNA na kwenye albumini, protini ya damu. Kilichonasa kwenye DNA hutoka na mkojo ndani ya siku chache. Cha albumini hudumu, maana nusu ya albumini huchukua kama siku 20 kuondoka. Kwa hiyo mkojo unasimulia mlo wa jana na juzi, damu miezi 2 hadi 3.

Toa damu mililita 5 kwenye mrija wa EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande. Uweke kwenye kisanduku cha baridi, lakini usiguse barafu, seli zisije zikapasuka. Ndani ya saa 4 zungusha mrija kwenye mashine ya kutenganisha damu kwa nguvu ya 1,500 g (mara 1,500 ya mvutano wa dunia), dakika 10. Gawa plazma, maji ya damu yaliyobaki juu ya seli, kwenye vichupa vya mililita 0.5, ugandishe nyuzi −80. Chupa moja kubwa ni kujitafutia balaa: kila kipimo kipya utaiyeyusha yote.

Kosa linaloua utafiti ni kuchukua damu baada ya ugonjwa kugunduliwa. Ini bovu hutengeneza albumini kidogo, vimeng'enya vyake vimedhoofika, na mgonjwa keshabadili chakula. Huko Shanghai wanaume 18,244 walitoa damu na mkojo kuanzia 1986 wakiwa wazima, kisha wakafuatiliwa. Katika uchambuzi uliotoka 1994, wenye sumukuvu peke yake walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3.4 ya wasio na chochote, wenye homa ya ini B peke yake 7.3, wenye vyote viwili 59.4. Hivyo kipimo cha HBsAg, alama ya virusi vya homa ya ini B kwenye damu, si cha hiari.

Kila atakayeugua baadaye mtafutie wazima wa jinsia na umri wake, waliotolewa damu mwezi uleule. Mahindi yaliyotoka kuvunwa na yaliyokaa ghalani miezi minane hayalingani. Sampuli zao zipimwe siku moja, mpimaji asijue ya nani ni ipi. Majibu ya damu yaandike kwa pikogramu kwa kila miligramu ya albumini, ya mkojo uyagawe kwa kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo, la sivyo aliyekunywa maji mengi ataonekana msafi.