Antivairasi inapozuia barua pepe: namna ya kutatua bila kuizima yote

Barua imeandikwa, kiambatisho kipo, umebonyeza kutuma, na Outlook au Thunderbird, programu yako ya barua pepe, inazunguka tu. Kwa wasafirishaji wa minofu ya sangara na mawakala wa forodha ninaowahudumia hapa Mwanza, hilo haliwezi kusubiri kesho. Nyaraka zikikwama, mzigo nao umekwama. Ndiyo maana wengi huzima antivairasi yote na kuiacha hivyo. Tafadhali usifanye hivyo. Ankara za uongo zenye virusi hupita kwenye barua pepe hiyohiyo. Tunachotafuta ni kipande kimoja tu: kile kinachokagua barua zikiwa njiani.

Hatua ya 1: Thibitisha mkosaji

Fungua tovuti yoyote. Isipofunguka, shughulikia bando au waya kwanza. Ukiambiwa nenosiri limekataliwa, kwa kawaida antivairasi haihusiki. Kwenye Gmail, tangu Mei 2022 Google ilianza kuzikataa programu zinazoingia kwa jina na nenosiri la kawaida tu, hivyo iunganishe akaunti upya kupitia ukurasa wa Google wenyewe.

Tazama pia tarehe ya kompyuta. Kwenye mashine za zamani betri ya ubao mama huwa imekufa; umeme ukikatika, tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa na kila cheti cha usalama (kitambulisho cha tovuti au huduma unayounganika nayo) kinaonekana batili.

Hatua ya 2: Nakili barua zako

Hii usiiruke hata mteja akikuharakisha. Kwa kawaida Thunderbird huweka kila folda ya barua ndani ya faili moja. Antivairasi ikikuta barua moja yenye virusi humo, inaweza kulipeleka faili zima karantini (mahali inapofungia mafaili inayoyashuku), na barua zote za miaka zikatoweka machoni. Funga programu, kisha nakili folda ya profaili, yaani ile yenye barua na mipangilio yako ya Thunderbird, kwenye diski ya nje. Kwa Outlook, nakili faili la PST (ghala la barua kwenye kompyuta) kama unalo.

Kama barua zimeshatoweka, usiguse kitufe cha kufuta. Ingia karantini ya antivairasi na ulirejeshe faili hilo. Baadaye, kwenye mipangilio ya usalama ya Thunderbird, ruhusu antivairasi ikamate barua mojamoja zinapoingia.

Hatua ya 3: Jaribu

Zima ukaguzi wa barua peke yake, kwa dakika kumi. Ngao nyingine ziache zikifanya kazi. Jitumie barua tupu, kisha nyingine yenye kiambatisho, na usifungue barua ya mtu mwingine wakati huo. Zikienda, mkosaji umempata.

Zisipoenda, washa ukaguzi tena. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika outlook.exe /safe, kisha Enter. Kwa Thunderbird, shikilia Shift unapoifungua. Ikifanya kazi hivyo, tatizo ni programu jalizi (kipande cha nyongeza ndani ya programu ya barua), na mara nyingi ni ile iliyopachikwa na antivairasi yenyewe. Izime.

Hatua ya 4: Soma ujumbe wa kosa

Onyo la cheti ndilo linalowachanganya watu zaidi. Antivairasi hukaa katikati yako na seva (kompyuta ya mtoa huduma inayopitisha barua zako) kama mkaguzi anayefungua bahasha, akaisoma, kisha akaifunga upya kwa lakiri yake. Outlook huamini vyeti vilivyomo ndani ya Windows, ambako antivairasi imeshaweka cha kwake. Thunderbird ina ghala lake la vyeti, hivyo kwenye mashine ileile moja inatuma na nyingine inalalamika. Fungua cheti uone nani amekitoa. Kama ni kampuni ya antivairasi yako, zima ukaguzi wa barua zilizosimbwa (zilizofungwa kwa siri zikiwa njiani). Kama ni jina usilolijua, hasa ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli, acha kabisa, usikubali.

Kama barua fupi zinaenda na zenye picha zinakatika, antivairasi huenda inashikilia barua nzima kabla ya kuiachia, na programu inachoka kungoja. Ongeza muda wa kusubiri seva. Kwa akaunti za POP na IMAP (njia mbili za kupokea barua kutoka kwenye seva), Outlook inaruhusu hadi dakika 10.

Kama hakuna kitu kinachotoka baada ya programu kusasishwa, kagua ukuta wa moto, yaani kinga inayoruhusu au kuzuia programu kutumia mtandao. Futa kanuni ya zamani, iruhusu programu upya. Kisha kagua milango, yaani namba za njia ambazo barua hupitia, kwenye mipangilio ya akaunti: ya kutuma ni 587 au 465, IMAP 993, POP 995. Ukikuta 25, badilisha. Watoa huduma wengi wa intaneti huuzuia.

Hatua ya 5: Baki na antivairasi moja

Mbili zikikagua barua ileile, hugombana. Ondoa moja kwa kifaa cha kuondolea cha mtengenezaji wake, kisha washa kompyuta upya.

Ukimaliza, kilichozimwa kiwe ukaguzi wa barua njiani tu. Ngao ya mafaili ibaki hai, maana ndiyo inayokagua kiambatisho unapokihifadhi au kukifungua. Andika ulichobadilisha, kwa sababu sasisho kubwa la antivairasi linaweza kukirudisha. Barua zikianza kukwama tena, anzia hatua ya 3.