Kumwandaa mwanamieleka wa kilo 130 wa Greco-Roman ukiwa Uganda

Watu wakubwa wenye nguvu hawakosekani Uganda. Wapo jeshini, wapo kwenye raga, wapo soko la Owino, Kampala, wakibeba marobota ya mitumba. Kazi ni kumfundisha mmoja wao kupigana dakika sita bila kugusa mguu wa mpinzani.

Greco-Roman hairuhusu kushika chini ya kiuno, wala kutega au kuzuia kwa mguu. Aliyekulia kwenye ekigwo, mieleka ya jadi ya Uganda, atatega tu, kwa sababu mwili umeshazoea. Kumkemea hakusaidii. Mwezi wa kwanza mpiganishe akiwa amepiga magoti, yeye na mwenzake kifua kwa kifua, raundi 10 za dakika moja moja. Magotini mtego hauna kazi, na mikono hulazimika kujifunza.

Mpime kabla ya kumwandikisha. Daraja la juu ni kilo 130, na anayeingia humo lazima azidi 97. Mtu wa kilo 100 anaruhusiwa, lakini atakuwa anamsukuma aliyemzidi kilo 30. Ni afadhali apunguze mafuta kidogo apigane kwenye 97. Kwa maoni yetu, aliye chini ya kilo 112 hana haraka ya kwenda juu.

Tafuta mapambano ya Meng Lingzhe wa China, aliyepata shaba ya kilo 130 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, na ya Mijaín López wa Cuba, aliyechukua dhahabu yake ya tano mfululizo mashindano hayo hayo. Zima sauti, angalia mikono. Kwenye uzito huu kurushana hewani ni nadra. Sehemu kubwa ya pambano ni kugombea kwapa: anayepenyeza mkono chini ya kwapa la mwenzake ndiye anayeamua waende wapi. Kumsukuma nje ya duara la mita 9 ni pointi 1. Kumwangusha na kumdhibiti chini ni 2, kumrusha ni 4, au 5 akipaa juu kabisa. Tofauti ikifika 8 pambano limekwisha. Lakini wazito huishia kwenye pointi moja au mbili: fainali ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, Rulon Gardner alimshinda Aleksandr Karelin 1–0, na pointi yenyewe ilitokana na Karelin kuachia mshiko.

Kwa hiyo zoezi la kila siku ni hili. Mkono wa kulia uingie chini ya kwapa, kiganja kishike nyuma ya bega, siyo mgongoni chini. Paji la uso likae kwenye shavu la mpinzani. Mkono wa kushoto udhibiti kifundo cha mkono wake. Kisha hatua fupi, miguu isikutane, nyonga chini kuliko zake. Kosa la karibu kila anayeanza ni kusukuma kwa mikono huku nyonga zimebaki nyuma. Akikutana na mjuzi atavutwa na kuanguka kifudifudi peke yake.

Anayesubiri bila kushambulia huadhibiwa: mpinzani hupata pointi 1, na anaweza kumweka chini mkekani, yeye aanze akiwa juu yake. Kanuni za kutoshambulia hubadilishwa mara kwa mara, hivyo soma toleo la mwaka husika kabla ya kusafiri. Hapo chini mkekani ndipo mechi nyingi za wazito huvunjika. Ukiwa juu, zungusha mikono chini kidogo ya mbavu, kiganja kwa kiganja. Usisokote vidole, vitavunjika. Bana, bandika kifua mgongoni, msukume mbele kwanza mpaka viwiko vyake vilegee. Ndipo uingize nyonga chini yake, upige daraja (kujipinda mgongo kama upinde, ukiegemea kichwa na miguu) na kumpitisha juu yako: pointi 2. Mshiko ukiteremkia kwenye nyonga utateleza. Ukizunguka kwa ubavu bila daraja, ni mabega yako yatakayotazama mkeka, na pointi zitakuwa zake.

Daraja lenyewe halifundishwi siku moja. Wiki tatu za mwanzo mikono ibaki sakafuni kusaidia shingo, sekunde 20 mara tano. Mtu wa kilo 120 akianza bila mikono, shingo itaumia.

Tatizo kubwa la klabu zetu ni kukosa mwenzake wa uzito huo. Panga watu watatu wa kilo 75 hadi 90, kila mmoja aingie akiwa hajachoka kwa dakika moja. Dakika 3, pumziko sekunde 30, dakika 3 tena, kama mechi. Asiwarushe hao kwa nguvu zote. Kurusha afanyie kwenye sanamu: gunia la turubai nene la urefu wa mita 1.5, lililoshindiliwa vipande vya nguo kuukuu, na vumbi la mbao la Ndeeba, Kampala, kujazia mapengo, mpaka kilo 40. Mchanga mtupu haufai. Hushuka wote upande mmoja, gunia linapasuka na mgongo unapinda vibaya. Mafundi chuma wa Katwe, Kampala, watakuchomea toroli la chuma la kusukuma. Mita 20, mara nane, atosheke.

Chakula: gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, kwa mtu wa 115 ni kama gramu 184 kwa siku. Matoke na posho peke yake hujaza tumbo tu. Ongeza mayai, maharage, mukene (dagaa) na mchuzi wa karanga.

Safisha mkeka kila baada ya mazoezi kwa dawa ya klorini, sehemu 1 kwa maji sehemu 9. Mwenye mashilingi (choa ya ngozi) asiguse mtu mpaka apone. Sikio likivimba aende hospitali mapema, kabla damu haijaganda.

Mashindano makubwa huchukua siku mbili kwa kila uzito, na mizani ni asubuhi zote mbili. Paris, Meng alisimamishwa na Yasmani Acosta wa Chile kwenye nusu fainali, kisha kesho yake akapigania shaba. Aliyepimwa 129.5 asile usiku kana kwamba amemaliza. Kwa Michezo ya 2024, mchujo wa Afrika na Oceania ulifanyika Alexandria ukiwa na nafasi mbili tu kwa kila uzito, na Wamisri ndio waliokuwa nyumbani.