Kontena limekwama: jinsi ya kuifanya ofisi ijifunze badala ya kulaumiana

Kontena liko bandarini Kilindini, siku za bure zimekwisha, storeji (ada ya kuhifadhi mzigo) inahesabiwa, mwenye mzigo anapiga simu kila nusu saa, na ofisini macho yote yako kwa karani aliyeingiza entri ya forodha. Ofisi nyingi za kliaringi (kutoa mizigo forodhani) na usafirishaji hapa Mombasa hufanya kosa la pili papo hapo, na huwa kubwa kuliko la kwanza. Anatafutwa mtu, anafokewa, anakatwa mshahara, kisha kazi inaendelea kwa fomu ileile na njia ileile. Miezi miwili baadaye linakwama jingine.

Mwongozo huu ni wa mkuu wa ofisi ya watu kumi hadi arobaini. Kipimo chake ni kimoja: kikao kikiisha, ni karatasi gani, hatua gani au ruhusa ya nani imebadilika? Kama hakuna, mmepiga soga.

Zima moto, lakini weka majivu

Siku ya kwanza ni ya kuutoa mzigo. Usichunguze chochote, usiulize nani. Mpe mtu mmoja, asiyehusika na lile kosa, kazi ya kukusanya ushahidi ungali mbichi: picha za skrini, jumbe za WhatsApp, nakala za entri, karatasi ya kutokea getini, simu zilizopigwa. Kumbukumbu ya mtu mwenye hofu hubadilika kwa siku moja, wala si kwamba anadanganya.

Aandike mfuatano wa matukio katika safu tatu: saa, kilichotokea, nani alikijua wakati huo. Safu ya tatu ndiyo yenye siri nyingi. Na saa ziandikwe kwa mtindo wa 24. Dereva akisema saa mbili anamaanisha 08:00 au 20:00, na karani aliyezoea saa ya simu anaweza kuandika 02:00. Mfuatano ukishavurugika hapo, kikao kizima kitabishana juu ya kitu ambacho hakikutokea.

Kikao

Kifanyike ndani ya siku tatu, dakika 45, watu watano hadi saba walioigusa kazi yenyewe. Ijumaa adhuhuri usikiweke. Mwezi wa Ramadhani kiwe asubuhi, kwani alasiri watu wamechoka na hasira ziko karibu. Msikae ofisini kwa bosi, naye akiwa nyuma ya meza. Kaeni kama barazani, kwa duara, kahawa ikipita.

Maswali ni manne, nayo jeshi la Marekani limeyatumia kwa miongo mingi baada ya mazoezi yake: Tulikusudia nini kitokee? Kimetokea nini? Kwa nini vimetofautiana? Tutafanya nini tofauti? Swali la pili lichukue dakika nyingi kuliko yote. Watu hupenda kulirukia la nne, wakarekebisha kitu ambacho hakikuharibika.

Mpangilio wa kusema ndio unaoamua kama kikao kitafaa. Kwetu mkubwa akishasema, mdogo hunyamaza kwa adabu, na adabu hiyo si mbaya. Ila hapa itakuficha habari. Basi anza na taniboi (msaidizi wa lori), kisha dereva, karani, msimamizi, na mkuu awe wa mwisho. Mkuu akiona amehusika, na mara nyingi amehusika, atamke mapema sehemu yake kwa sentensi moja: "Mimi ndiye niliyemwambia mteja alete hati muda wowote." Asieleze zaidi. Sentensi hiyo huwafungua watu kuliko hotuba nzima ya "semeni bila woga".

Usiulize "mbona hukuangalia?" Uliza: "Saa ile ulikuwa unaona nini mbele yako?" Swali la kwanza huzaa udhuru, la pili huzaa maelezo.

Kuchimba hadi mzizi

Njia ya kuuliza "kwa nini" mara tano ilienezwa na viwanda vya Toyota. Tuitumie kwa kosa la kila siku.

Kontena halitoki. Kwa nini? Nambari ya kontena kwenye entri hailingani na manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli. Kwa nini? Tarakimu mbili zimepishana, 54 imeandikwa 45. Kwa nini? Karani aliinakili kwa mkono kutoka picha yenye ukungu. Kwa nini picha? Mteja hutuma hati kwa WhatsApp, tena 18:30, meli ikiwa imeshafunga gatini. Kwa nini? Hakuna aliyewahi kumwambia mwisho ni saa ngapi wala hati iwe ya namna gani.

Ukisimama kwenye jibu la pili, utamwadhibu karani. Ukifika la tano, utaandika sharti moja kwenye barua ya makubaliano na mteja. Angalia pia kwamba matawi huwa zaidi ya moja. Kuna "kwa nini kosa lilitokea", na kuna "kwa nini hatukuligundua mapema". La pili husahauliwa, na mara nyingi ndilo rahisi kuziba.

Hapa, kwa mfano, kugundua hakuhitaji hata shilingi. Nambari ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakikisha zile nafasi kumi za mbele. Herufi hupewa thamani kuanzia A = 10, ukiruka 11, 22 na 33, hivyo B ni 12 na Z ni 38. Kila nafasi huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea hadi 512. Jumlisha, gawanya kwa 11. Baki ndiyo tarakimu ya mwisho, na baki ikiwa 10 huandikwa 0. Nambari CSQU3054383 inatoa jumla ya 6185, baki 3: sawa. Ukipisha 54 kuwa 45, baki inakuwa 1, na kosa limejianika. Mtu mmoja anayejua jedwali la kompyuta ataitengeneza fomula hiyo kwa nusu saa. Seli iwe nyekundu nambari isipokubali. Haitakamata kila kosa (nambari sahihi ya kontena la mtu mwingine itapita), lakini tarakimu mbili zilizopishana hivi ni nadra kuziacha.

Dawa zenye nguvu na dawa dhaifu

"Tuwe makini zaidi" si dawa. Kumpeleka karani semina ni dawa dhaifu, na orodha ya kutia alama ni afadhali kidogo, hadi watu waanze kutia alama zote kwa pamoja jioni. Nguvu iko kwenye vitu vinavyozuia: seli nyekundu, entri isiyotumwa bila mtu wa pili kuisoma kwa sauti, picha isiyokubaliwa badala ya hati ya PDF. Kikao kitoke na dawa moja au mbili, si saba. Kila dawa iwe na jina la mtu mmoja na tarehe isiyozidi siku saba. Ukiandika "idara ya hati" umeandika hakuna mtu.

Baada ya siku 30 mkuu aende mwenyewe mezani kwa karani aone kama dawa bado inatumika. Asiulize, aone.

Mshahara usiguswe

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyo mikononi mwa mwajiri ikiharibika au kupotea pale mfanyakazi alipofanya kusudi. Kuteleza kwa tarakimu si kusudi. Na hata bila sheria, hesabu haikubali: ukimkata mtu 5,000 leo, kesho ataficha kosa la 200,000 hadi liive.

Tenganisha mambo matatu. Kuteleza: mtu alitaka kufanya sawa akakosea, rekebisha kazi. Mkato: aliruka hatua ili amalize mapema; kwanza uliza kama kila mtu huiruka, kwani ikiwa hivyo hatua hiyo haifai au muda hautoshi. Hila: aliuza mafuta ya lori, alighushi risiti, hilo ni la nidhamu, halina kikao cha kahawa. Ukiyachanganya, mwizi atajificha nyuma ya "tunajifunza" na mwaminifu ataadhibiwa kama mwizi.

Daftari la chupuchupu

Makosa makubwa hutanguliwa na madogo yaliyoponea chupuchupu: lori lililokaribia kuondoka na sili isiyo yake, malipo yaliyokaribia kwenda akaunti nyingine. Weka daftari moja mahali pa wazi, mistari mitatu kwa kila tukio, jina si lazima. Jumatatu asubuhi lisomwe kwa dakika kumi, na aliyeandika, akijitaja, ashukuriwe mbele ya watu. Mwezi ukipita daftari likiwa tupu, usifurahi. Kazi ya bandari haikosi chupuchupu; kilichokosekana ni imani.

Ardhi inapohama

Kujifunza kutokana na makosa hakutoshi pale kazi yenyewe inapobadilika. Reli mpya ya SGR ilianza kubeba makontena mwaka 2018, na mizigo ya Nairobi ikawa inatolewa kwenye bandari kavu ya Embakasi. Mwaka 2019 Mombasa ikaandamana kupinga amri ya kupeleka mizigo kwa reli, na Septemba 2022 serikali mpya ikaagiza shughuli zirudi pwani. Aliyejenga biashara yote juu ya lori za Mombasa hadi Nairobi aliumia. Naye aliyehamia Embakasi mzimamzima alilazimika kurudi.

Kila miezi mitatu andika nguzo zinazoishikilia kampuni: mteja mkubwa, njia, mfumo wa forodha, benki, mtu anayejua nywila. Mbele ya kila moja weka swali: ikianguka kesho, tunaishi siku ngapi? Mteja mmoja akizidi theluthi ya mapato, mtafute mwingine sasa, si akiondoka. Mtu mmoja akiwa peke yake anayejua kazi fulani, mpe likizo ya wiki moja kwa makusudi, simu imezimwa. Utajua yote.

Fedha: pesa za ushuru wa wateja zikae akaunti ya peke yake, zisiguse mishahara kamwe. Akiba lenga miezi mitatu ya mishahara na kodi ya ofisi. Anza na mwezi mmoja, uifikie kabla ya kununua lori jingine.

Kabla ya kazi mpya kubwa, fanya matanga ya mapema. Mwanasaikolojia Mmarekani Gary Klein ndiye aliyeieneza mbinu hii: waambie watu kazi imeshaharibika, miezi sita imepita, kila mmoja aandike kwa dakika tano kilichoiua. Pwani wapo watakaosema huo ni uchuro, usiite msiba. Waambie ni sawa na nahodha anayekagua ngama, chini kabisa ya chombo, kabla ya kutweka tanga. Waandike kimyakimya, kisha karatasi zichanganywe na kusomwa na mtu mmoja.

Mwisho, zima intaneti na umeme ofisini saa mbili nzima, mara moja kila robo mwaka. Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani, na haikuwa mara pekee mwaka huo. Chagua siku ya kazi ya kawaida, 10:00 hadi 12:00, umwarifu mteja mmoja tu mwenye haraka. Andika kila kinachokwama: nambari za madereva zilizo kwenye kompyuta pekee, betri ya modemu iliyokufa zamani, printa moja, hati zisizo na nakala nje ya jengo. Mara ya kwanza orodha itajaza ukurasa. Ziba tatu, panga tarehe ya zoezi lijalo, na safari hiyo usimwambie msimamizi ni siku gani.