SOMO: Kukamua tu bila kunyonyesha, na maziwa yasikatike

Shikamooni mama zangu, na wadogo zangu hamjambo.

Mwanangu alizaliwa na tundu kwenye kaakaa. Midomo ilikuwa mizima, ndiyo maana siku ya kwanza hakuna aliyejua. Nilimwona tu anadaka chuchu, anahangaika, anachoka, analala na njaa yake. Mtoto mwenye kaakaa wazi hawezi kuvuta, na asipovuta titi halitoi. Nilimkamulia miezi 11, hapahapa Nyegezi, Mwanza, akanywa kwa kikombe na kijiko. Nawaandikia ninyi wenye watoto njiti, wenye mtoto wa kaakaa wazi kama wangu, na wote ambao mtoto amegoma titi.

Kabla ya hatua zenyewe, shikeni hili moja. Titi si tangi la kujaza likasubiri. Linatengeneza kadiri linavyotolewa. Maziwa yakikaa ndani muda mrefu, lenyewe linapunguza kazi. Kwa hiyo ukiona hayatoki mengi usiseme "nipumzike yajae". Hapo ndipo wengi tunapoyapoteza.

HATUA YA 1: Anza mapema, tena kwa mkono

Kama hali yako inaruhusu, anza saa ya kwanza baada ya kujifungua, usipitishe muda wa saa 6. Dang'a, yale maziwa ya kwanza, ni zito, kwenye mashine ya kukamulia linagandia plastiki na kuishia humo. Kinga kwa kijiko safi. Weka kidole gumba juu na vingine chini, kama sentimita 3 nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usiburuze vidole kwenye ngozi. Yatatoka matone tu, na hayo matone ndiyo chakula chake cha siku hizo. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya 2 na ya 5.

HATUA YA 2: Fuata saa

Wiki za mwanzo kamua mara 8 mpaka 12 kwa siku, usiku na mchana. Ratiba yangu ilikuwa hivi: saa 11 alfajiri, saa 2 asubuhi, saa 5, saa 8 mchana, saa 11 jioni, saa 1 na nusu, saa 4 usiku, kisha saa 8 usiku.

Hiyo ya saa 8 usiku ndiyo kila mtu anataka kuikata. Usiikate. Homoni ya prolaktini, inayoamrisha titi litengeneze maziwa, hupanda zaidi usiku. Nilikuwa naamka mji umenyamaza, nasikia mashine tu na mbwa wa jirani, nalia kwa usingizi. Lakini chupa ya saa hiyo na ile ya alfajiri ndizo zilizokuwa zinajaa kuliko zote. Ukichelewa zamu moja usijilaumu, kamua mara tu unapokumbuka. Usiruhusu tu muda wa saa 5 upite bila kukamua katika miezi hii ya mwanzo.

Ukifika siku ya 14 unapata mililita 500 mpaka 750 kwa siku, umeshika njia nzuri. Mtoto wa mwezi 1 mpaka 6 wengi hunywa karibu mililita 750 kwa siku.

HATUA YA 3: Pima faneli

Faneli ni ile sehemu inayokaa kwenye titi. Mashine nyingi huja na saizi 24 au 28, na wengi wetu tunahitaji ndogo kuliko hizo. Chukua rula, pima upana wa chuchu kwenye shina kwa milimita, ongeza kidogo. Mashine ikiwaka, chuchu iende mbele na kurudi bila kusuguliwa, na ile sehemu nyeusi isivutwe yote ndani. Chuchu ikitoka nyeupe, imepasuka, au unang'ata meno, saizi si yako au nguvu imezidi. Nguvu kubwa haileti maziwa mengi. Weka pale usiposikia maumivu.

HATUA YA 4: Kukamua kwenyewe

Nawa mikono, kaa umeegemea, weka kitambaa cha uvuguvugu kifuani dakika mbili. Anza na mwendo wa haraka na mwepesi, maziwa yakianza kutiririka geuza uwe wa polepole na mrefu. Dakika 15 mpaka 20. Huku mashine inafanya kazi, papasa titi taratibu kuanzia kwapani kwenda mbele, mwisho malizia kwa mkono. Mimi hapo mwisho nilikuwa napata vijiko viwili vitatu zaidi, tena ndiyo yenye mafuta.

Funika chupa kwa soksi ya mtoto. Nasema kweli. Ukikodolea macho mistari ya mililita moyo unabana, na maziwa hushuka mwili ukitulia. Shika kanga aliyolalia mtoto, inuse.

Vyombo suuza kwa maji baridi kwanza, osha kwa sabuni kwenye beseni lake peke yake, chemsha dakika 5, anika juu ya kitambaa safi. Maziwa nje ya friji ni muda wa saa 4 mwisho, na hiyo ni kwenye ubaridi. Kwa joto la Mwanza la mchana mimi sifiki huko. Kwenye friji siku 4, friza miezi 6. Andika tarehe kila mfuko.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Dada, nilikuwa napata 120 kila zamu, wiki hii 50. Mama mkwe ananipikia uji wa karanga na supu ya sato kila siku, bado. Nimekwisha?

Hujaisha mdogo wangu. Supu ya mama mkwe kunywa, mwili unahitaji chakula, ila haitibu mashine. Yalinipata haya mwezi wa tatu. Nililia siku nne. Siku ya tano nikashika kile kivalvu cha mashine, kile cha mpira mweupe, nikakibana kwa vidole: kina mchaniko mdogo kama ukucha wa mtoto, hauonekani mpaka ukibane. Mvuto wote ulikuwa unapitia hapo. Nikabadilisha, baada ya siku mbili maziwa yakarudi. Anayekamua mara 8 abadilishe kivalvu kila baada ya mwezi mmoja mpaka mitatu. Kikiwa kizima, tenga saa moja kila siku: kamua dakika 20, pumzika 10, kamua 10, pumzika 10, kamua 10. Fanya siku kadhaa mfululizo, na hesabu kama hujaruka zamu za usiku.

Umeme huku Buhongwa ukikatika nafanyaje?

Mkono. Ndiyo maana nimeuweka hatua ya kwanza.

Titi moja lina bonge, jekundu, natetemeka kwa homa.

Nenda kituo cha afya leo, usingoje kesho. Endelea kukamua kama kawaida, usizidishe na usiache. Weka kitu cha baridi, usikande kwa nguvu.

Shikamoo dada. Nafanya kazi kiwanda cha samaki, msimamizi hataki nitoke kukamua.

Marahaba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha mpaka saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Likizo ni siku 84, na 100 ukijifungua zaidi ya mmoja. Nenda na nakala ya kifungu hicho kwa mkubwa wake, mwongee kwa upole, na useme mapema ni saa ngapi utatoka.

Mimi ni mama Kulwa na Doto. Maziwa yatawatosha wawili?

Wengi wanaweza, mama. Kamua matiti yote mawili kwa pamoja, utaokoa muda na maziwa hutoka vizuri zaidi. Chukua sidiria kuukuu, toboa matundu mawili, faneli zishikwe humo mikono ibaki huru. Zamu zako zikaribie 10.

Mtoto yuko kwa bibi Ukerewe. Maziwa ya friza yatafika na meli?

Yatafika. Pakia kwenye deli, lile sanduku la kutunza ubaridi, vipande vya barafu chini na juu, jaza nafasi kwa kanga, usifungue njiani. Yakifika Nansio bado yana barafu ndani, bibi ayarudishe friza. Yakiwa yameyeyuka yote, yakae kwenye friji na yaishe ndani ya saa 24, yasigandishwe tena. Na mwambie bibi ayapashe kwenye bakuli la maji ya moto, si juu ya jiko.